Buti fupi mwaka mzima Dodoma: mwongozo kamili wa kuchagua, kununua, kuvaa na kutunza

Ubishi wa buti fupi hapa Dodoma hauishi. Ukilivaa Julai hakuna anayegeuka, kwa sababu asubuhi ya Julai kila mtu anatafuta cha kujifunika. Ukilivaa Oktoba, kijiweni utaulizwa kama umeitwa jeshini. Wapo wanaoshikilia kwamba buti ni kiatu cha baridi na mwezi wa tisa likae kabatini. Wapo wengine, hasa waendesha bodaboda na wanaoshinda saiti za ujenzi kule Mtumba na Ihumwa, ambao hawalivui Januari hadi Desemba na hawaoni hoja iko wapi.

Mimi niko upande wa hawa wa pili, ila kwa sharti. Buti la mwaka mzima kwa mji huu ni lile linaloishia kifundoni, lisilo na manyoya wala sponji nene ndani, la ngozi inayopitisha hewa na soli ya mpira. Ukishalipata hilo, kinachobadilika kati ya msimu na msimu ni soksi, namna ya kulifunga, na siku za kulipumzisha. Hatua zifuatazo zinaanzia mwanzo kabisa, kabla hujatoa hata shilingi.

Hatua ya 1: Ujue mwaka wa Dodoma kwa jicho la mguu

Jiji letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na lina msimu mmoja wa mvua. Mvua inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inakatika Aprili, na mara nyingi katikati hapo, Februari, inatuacha kidogo kabla ya kurudi. Kwa mwaka mzima tunapata milimita 500 hadi 600 hivi. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya mwaka kiatu chako hakikutani na maji kabisa. Watu wengi wananunua buti wakiwaza tope, wakati adui mkubwa wa kiatu hapa ni vumbi, jua na miiba.

Juni hadi Agosti usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14, halafu mchana jua linarudi kama kawaida. Kuanzia Agosti upepo unashika kasi, na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye vyombo vilivyofunikwa. Oktoba na Novemba mchana unavuka nyuzi 30, na hapo ndipo wapinzani wa buti wanapopata sauti.

Kuna jambo moja wapinzani hao hawalihesabu: hewa yetu ni kavu. Jasho linakauka upesi, mradi kiatu kinapitisha hewa. Buti linalomtesa mtu Kariakoo saa sita mchana, ambako hewa imejaa unyevu, linavumilika vizuri Majengo au Nkuhungu saa hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu wa Dar akikuambia buti halivaliki kwenye joto, anasema kweli ya kwao.

Hatua ya 2: Chagua aina kabla hujaenda sokoni

Ukienda sokoni bila kujua unachotaka utarudi na kitu kinachong'aa. Mabuti mafupi ni ya aina nyingi, lakini yanayofaa hapa ni matatu.

La kwanza ni lile la swedi, ngozi yenye vinyoya vifupi, lenye matundu mawili au matatu ya kamba na lisilo na bitana ndani. Wengi wanaliita safari buti. Lilizaliwa kwenye vumbi hasa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia maofisa wa jeshi la Uingereza walikuwa wakishonewa mabuti ya aina hii kwenye masoko ya Cairo, na Nathan Clark, wa familia ya kampuni ya viatu ya Clarks, akayaona miguuni mwao alipokuwa jeshini Burma. Kampuni yake ikaanza kuyauza mwaka 1950. Kwa miezi yetu ya ukame sijaona buti linalolizidi. Ni jepesi, linapumua, na rangi ya kahawia au ya mchanga haimtangazi mtu kwamba ametembea kwa miguu kutoka Chang'ombe hadi Nyerere Square. Kasoro yake iko kwenye soli ya asili, ile ya mpira mbichi wa rangi ya asali. Kwenye lami yenye moto inanata na kuokota uchafu, na kwenye sakafu iliyolowa inateleza vibaya. Ukipata lenye soli ya mpira wa kawaida, chukua hilo.

La pili ni chelsea, lenye lastiki pembeni na lisilo na kamba. Asili yake ni Uingereza ya karne ya 19, baada ya watu kujua namna ya kuufanya mpira uwe imara na wenye kuvutika. Faida yake kwetu ni ya kila siku: sisi ni watu wa kuvua viatu mlangoni. Ukiwa mtu wa kuswali msikitini, au kazi yako ni ya kuingia nyumba za watu, au una safari ya msibani ambako utakaa kwenye mkeka, buti la kamba ndefu litakuchosha. Chelsea unalivuta nyuma, limetoka. Ndiyo sababu kwa mtu wa ofisini ningelitaja hili kwanza, la ngozi laini nyeusi au kahawia iliyokolea.

La tatu ni la kamba lenye soli nene yenye meno. Hili ni la mvua, la shamba na la bodaboda. Anayeshinda kwenye mizabibu ya Hombolo au Mpunguzi, au anayeingia Bahi kwenye udongo mweusi unaonata, hana sababu ya kubishana. Hata abiria wa pikipiki, si dereva tu, kifundo kilichofunikwa kinamwepusha kuunguzwa na ekzosi.

Yaliyobaki yaache. Yenye manyoya ndani yametengenezwa kwa ajili ya nchi za theluji, na hata Julai yetu haiyafikii. Yenye kisigino chembamba kirefu yanazama kwenye mchanga na kunasa kwenye mawe madogo yaliyomwagwa mitaani. Ya plastiki inayoigiza ngozi ni rahisi siku ya kununua, lakini hayapitishi hewa, na jua letu linayapasua magamba kabla mwaka haujaisha.

Hatua ya 3: Pima mguu nyumbani, jioni

Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, hivyo pima jioni ukiwa umevaa soksi utakazotumia. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, kanyaga kisigino kikiwa ukutani, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kisha pima kwa rula. Pima miguu yote miwili na ufuate ule mkubwa, kwa kuwa watu wengi miguu yao haifanani.

Chukua urefu huo kwa sentimita, ongeza moja na nusu kwa ajili ya nafasi ya vidole, zidisha kwa moja na nusu. Umepata namba ya Ulaya. Mguu wa sentimita 26.5 ukiongeza 1.5 unakuwa 28, mara 1.5 ni 42. Mguu wa 24 unakuja 38 na kidogo. Hesabu hii inafanya kazi kwa sababu namba moja ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita. Kwenye mtumba utakutana pia na viatu vya Korea vilivyoandikwa 240 au 265. Hizo ni milimita za mguu wenyewe, na huhitaji hesabu yoyote. Namba za Marekani na Uingereza zinachanganya, kwani za kike na za kiume hazifuati mstari mmoja. Ukiziona, rudi kwenye sentimita zako na ulijaribu.

Andika vipimo hivyo kwenye simu. Siku ya mnada huwezi kukaa chini kujaribu mabuti ishirini huku watu wanakukanyaga.

Hatua ya 4: Ukaguzi sokoni

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo pesa inapopotea.

Mabuti mengi tunayovaa ni ya mtumba, na sioni aibu yoyote kulisema hilo. Buti la ngozi halisi lililovaliwa kidogo Ulaya lina maisha marefu kuliko jipya la plastiki linaloning'inia dukani kwa bei ile ile. Sabasaba utayapata, Majengo utayapata, na Jumamosi kuna mnada wa Msalato ambako watu wanakwenda kwa ajili ya nyama choma na kurudi na viatu. Nenda asubuhi, wakati bero linafunguliwa na muuzaji bado hajapanga yale makali mbele.

Anza na soli, usianze na ngozi. Ngozi mbaya unaiona kwa macho, lakini soli mbovu inajificha. Mabuti mengi ya kisasa yana soli za poliyurethani, aina ya povu gumu, nyepesi na laini kukanyagia. Povu hili linaharibiwa taratibu na unyevu uliomo hewani, hata kama kiatu hakijavaliwa kabisa, na joto linaharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana mtu ananunua buti linaloonekana jipya, lina hadi karatasi ndani, akilivaa siku ya tatu soli inamung'unyika kama biskuti na kumwachia vipande njiani. Mtu analaumu gundi, anampelekea fundi, na fundi hana cha kushika.

Kipimo chake ni hiki. Geuza buti, kandamiza ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa soli karibu na kisigino, uhesabu moja mbili, uachie. Soli nzima inarudi na alama inapotea. Iliyoanza kuoza inabaki na shimo, au ukucha unatoka na unga, au unahisi kunata. Kisha kunja buti kwa mikono miwili pale vidole vinapokunjia na uangalie kwa chini. Nyufa ndogo ndogo zilizojipanga kwa mstari ni kiatu cha kuacha hapo hapo, hata ukipewa kwa bei ya soda. Soli ya mpira halisi ni nzito zaidi mkononi, inanukia mpira, na ikikunjwa inarudi kwa nguvu.

Baada ya soli, tia mkono ndani mpaka kwenye vidole. Unatafuta misumari iliyochomoza, bitana iliyochanika, na unyayo wa mwenye kwanza. Kama kidole gumba chake kimechimba shimo refu kwenye soli ya ndani, mguu wako utaingia kwenye shimo hilo kila siku. Weka mabuti mawili sawa juu ya ubao au ndoo iliyopinduliwa uyaangalie kwa nyuma. Yakilala upande mmoja, aliyeyavaa alikuwa anakanyagia upande huo, na nawe yatakulaza. Hakikisha ni jozi kweli, yaani la kulia na la kushoto, namba moja, kwani kwenye lundo hilo huchanganyika.

Lastiki za chelsea zivute kwa vidole viwili uachie. Zikibaki na mawimbi zimekufa, ingawa fundi mzuri anaweza kubadilisha. Zipu ipandishe na kuishusha mara kadhaa, si mara moja.

Kujua kama ni ngozi, kandamiza kwa kidole. Ngozi halisi inajikunja mistari midogo isiyofuata mpangilio; ya plastiki inabonyea tu na kurudi. Tazama ukingo uliokatwa, pale kwenye ulimi au juu ya kisigino: ngozi ina nyuzinyuzi, plastiki ina kitambaa chini ya rangi.

Bei ijadili ukiwa umeshamaliza ukaguzi na kasoro unazijua. "Kaka, soli ya nyuma imelika na zipu inakwama, niachie kwa ngapi?" Ataapa kwamba ni mali mpya, bero limefunguliwa leo. Sikiliza kwa heshima, taja yako, ongeza kidogo. Kipimo ninachokitumia ni kwamba bei ya buti pamoja na kazi ya fundi isivuke nusu ya bei ya jipya la ngozi dukani. Ikivuka hapo, jikusanye ununue jipya. Viatu vya ngozi vya kiwanda cha Karanga, Moshi, kwa mfano, vinatengenezwa hapa hapa nchini, na ngozi yake unaweza kuikagua kwa kipimo hicho hicho cha kidole.

Hatua ya 5: Kwa fundi kabla ya kulivaa

Buti la mtumba lisiguse mguu wako kabla halijasafishwa. Toa soli ya ndani kama inatoka, itupe, nunua nyingine. Futa ndani kwa kitambaa chenye spiriti, acha likauke kivulini siku mbili likiwa limefunguliwa kamba. Fangasi za mwenye kwanza zinaweza kukufuata miezi mingi, na dawa ya kuzitibu itakula faida yote uliyoipata kwenye bei.

Kisha lipeleke kwa fundi viatu, hata kama halina tatizo. Mwambie apige nyuzi kuzunguka soli. Viatu vingi vimebandikwa kwa gundi peke yake, na gundi hiyo hulainika kwenye joto: lami ya Oktoba, sehemu ya mizigo ya gari lililoegeshwa juani, kibaraza cha bati. Tazama fundi anavyofanya. Anachana mfereji mdogo pembezoni mwa soli kwa kisu ili uzi uzame, anapitisha uzi kwenye nta, kisha sindano ndefu yenye ndoano inaingia chini na kutoka na kitanzi, tundu kwa tundu, mpaka amezunguka. Uzi uliozama mferejini haukwaruzwi na mawe. Fundi anayeshona bila mfereji amekuonea, kwani uzi utakatika ndani ya mwezi.

Kama kisigino kimelika, aongeze kipande cha mpira. Vipande vya tairi ndivyo vigumu kuliko vyote kwa njia zetu, na wavaaji wa katambuga wanalijua hilo tangu zamani.

Hatua ya 6: Kulizoesha

Usilivae kwenda kazini siku ya kwanza. Litembelee nyumbani saa moja au mbili jioni, na soksi nene, kwa siku kadhaa. Likibana kwenye kifundo, legeza kamba mbili za juu. Likibana kwenye vidole, umekosea namba, na hakuna mazoea yatakayolirefusha.

Hatua ya 7: Kulivaa, msimu kwa msimu

Kipupwe ndiyo rahisi kuliko yote. Soksi nene asubuhi, na nyepesi kwenye mkoba kwa ajili ya saa sita, kwani mchana wa Julai ni wa joto tu. Anayeondoka Ipagala au Kisasa alfajiri kwa pikipiki anajua upepo unavyouma kifundoni. Hapo buti halina mpinzani.

Kwenye upepo na vumbi, Agosti hadi Oktoba, vaa swedi. Kama suruali ni modo, acha iishie juu ya buti bila kujikunja. Kama ni kadeti pana, iteremke juu yake ili vumbi lisiingie kwa juu. Buti lenye ulimi ulioshonwa pembeni mpaka juu linazuia vumbi kuliko lenye ulimi ulioachwa huru. Mtu ataona hilo ni jambo dogo mpaka avue soksi jioni na kukuta unyayo mwekundu.

Joto la Oktoba na Novemba linahitaji akili kidogo. Soksi iwe ya pamba nyembamba, iliyo juu kidogo ya buti. Kuvaa buti bila soksi ndiko kunakoleta harufu na malengelenge, kwa sababu jasho linakosa cha kulinyonya na linakwenda moja kwa moja kwenye ngozi ya kiatu. Acha matundu ya juu bila kamba. Ukifika ofisini na mahali panaruhusu, vaa sandali chini ya meza kwa saa moja. Na siku ya joto kali uwe na jozi mbili za kupokezana. Buti lililolowa jasho linahitaji saa 24 kukauka sawasawa, na anayelivaa kila siku bila kupumzisha anavaa unyevu wa jana.

Kuhusu mavazi, nina maoni yangu na nayasema. Kwa dada na mama, buti fupi linapendeza sana na gauni la kitenge linaloishia chini ya goti au linalofika katikati ya muundi, ili pabaki nafasi kidogo kati ya pindo na buti. Gauni linalofagia chini pamoja na buti linaonekana zito. Dera ni vazi la sandali, liache hivyo. Kwa kaka, buti la ngozi laini lililopigwa rangi linakwenda na suruali ya kitambaa hata kwenye vikao, lakini la soli nene yenye meno ofisini linaonekana umetoka shamba. Watumishi wa umma wana waraka wao wa mavazi, kwa hiyo kabla ya kuingia na swedi la rangi ya mchanga kwenye ofisi za Mji wa Serikali, angalia wenzako wanavaa nini na umuulize mkuu wako.

Mvua ikianza, swedi linapumzika na la ngozi laini linatoka. Mvua yetu inakuja kwa kishindo, inajaza makorongo na mitaro kwa nusu saa, kisha jua linawaka. Usivuke korongo linalotiririka eti kwa sababu umevaa buti. Buti fupi linajaa maji kwa juu na linakuwa uzito mguuni. Subiri maji yapungue.

Na safari za milimani zina nafasi yake. Kupanda Lion Rock alfajiri, au kwenda Kolo kule Kondoa kuangalia michoro ya miambani, ambayo ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, ni njia za mawe, mchanga unaoteleza na migunga. Miiba ya mgunga inapita kwenye raba bila kuuliza. Mbigili nazo zikiingia kwenye soli ya povu unatembea nazo mpaka nyumbani kisha unazikanyaga pekupeku sebuleni. Soli ya mpira mgumu inazikataa, na zile chache zilizonasa kwenye meno zitoe kwa kibanio kabla hujaingia ndani.

Anayesafiri kwenda Dar, na tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024 wengi wetu tunakwenda na kurudi, abebe la swedi au aache buti nyumbani. Kilichokauka Dodoma kikikaa kabatini pwani wiki chache kinaota ukungu.

Hatua ya 8: Matunzo

Kila jioni gonga mabuti mawili nje, kisigino kwa kisigino, na uyapige brashi kavu. Vumbi letu lina chembe kali zinazokata nyuzi na kukwangua ngozi pale inapokunjika. Ukipaka kiwi juu ya vumbi unasaga ngozi yako mwenyewe kwa brashi, kwa hiyo brashi kavu kwanza, kitambaa chenye unyevu pili, kikauke, ndipo kiwi.

Ngozi laini inahitaji mafuta, kwani hewa kavu inanyonya unyevu wake na nyufa zinaanzia kwenye mikunjo. Krimu ya ngozi ni bora. Ikikosekana, Vaseline kidogo sana, ipakwe kwa kidole na kufutwa baada ya nusu saa. Ila naomba sana: usitumie mafuta ya alizeti. Mkoa wetu na wa jirani zetu Singida umejaa alizeti, na chupa iko jikoni, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Mafuta ya kupikia yanaingia kwenye ngozi, yanachacha, yananuka, yanakuwa gundi inayokamata vumbi, na baadaye yanagandisha ngozi. Nimeona mabuti mazuri yaliyogeuka mbao kwa namna hiyo.

Swedi halipakwi kiwi wala mafuta. Lipige brashi upande mmoja, madoa yasugue kwa kifutio cha penseli.

Buti likilowa, lioshe tope kwa maji kidogo, jaza magazeti ndani, badilisha magazeti baada ya saa chache, liache kivulini penye upepo. Usilianike juani wala kando ya jiko la mkaa. Ngozi iliyolowa ikikaushwa kwa moto husinyaa na kupasuka, na gundi inaachia.

Asubuhi, kabla ya kuingiza mguu, geuza buti na ulikung'ute. Nge wanapenda giza la ndani ya kiatu, hasa mvua zinapoanza, na huku kwetu wapo wa kutosha. Fundisha na watoto. Wenye kisukari watie na mkono ndani kila mara, kwani mguu uliopungua hisia hautakuambia kuna jiwe au msumari mpaka kidonda kiwe kikubwa.

Hatua ya 9: Lini uliache

Kuna siku buti halifai, na anayelipenda inabidi azikubali. Kifundo kikivimba, fangasi zikiwa zimechachamaa, au kidonda kiko mguuni, vaa sandali hadi upone. Siku ya kukaa barazani Novemba bila safari, huhitaji buti.

Na lenyewe lina mwisho. Soli ya mpira ikilika, fundi anaweka nyingine, na ngozi nzuri inastahimili kubadilishiwa soli zaidi ya mara moja. Lakini ngozi ikipasuka mpaka ndani kwenye mkunjo wa vidole, gundi na kiraka havitalishika hata mwezi. Toa kamba, toa lastiki kama bado nzima, mpelekee fundi. Atazitumia kwenye kiatu cha mtu mwingine, na pengine atakupunguzia bei ya kupiga nyuzi kwenye lingine utakalokuja nalo.